Je, mutu aweza kutenda zambi bila kujua?
Juu ya sura moja ya kitabu cha Padri Tempels

Mapadri na makatekista waliofanya kazi upande wa Kibombo, kusini ya Kindu, wanajua neno moja linalorudi mara nyingi katika barza za wazee: «Ameroga, lakini yeye mwenyewe hajui.» Mutu wa mbali akisikia neno hili anacheka. Sisi hatucheki, kwani tumeona machozi yanayotoka ndani yake. Na waseminari wetu, wakiisha kujifunza darasani kwamba pasipo kujua na pasipo kutaka hakuna zambi, wanarudi nyumbani wakati wa likizo, na kule wanakuta wazazi wao wanawaza namna ingine. Basi wanakuwa na vichwa viwili: kimoja cha darasa, kimoja cha kijiji. Mutu mwenye vichwa viwili hawezi kuongoza wengine.

Ndiyo sababu tumetaka kusoma tena, pamoja na wasomaji wetu, sura moja ya kitabu kinachojulikana sana: La philosophie bantoue cha Padri Placide Tempels, Mufransiskani. Padri huyu alifika Kongo mwaka 1933, akafanya utume kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945; mwaka 1949 kikachapwa tena Paris na Présence Africaine, na toka pale kikaenea pote. Wengine walikisifu, wengine walikipinga. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alipima mafikiri kama haya katika kitabu chake cha mwaka 1956, Aimé Césaire alikikemea kwa sababu za siasa, na nyuma yao Paulin Hountondji wa Benin aliuliza kama neno «filozofia» linafaa hata kidogo kwa mafikiri ambayo kabila zima linasemwa kuwa nayo. Hatutaki kurudia mashindano hayo yote. Tunataka kuuliza ulizo moja tu: kitabu hiki kinatuambia nini juu ya mutu anayeleta ubaya bila nia, na je, jibu lake linatosha?

I. Kitabu kinasema nini

Musingi wa kitabu ni nguvu ya uzima. Kwa Muluba, asema Padri Tempels, kuwa ni kuwa na nguvu. Watu wote, wazima na wafu, wameshikamana, na nguvu ya mumoja yaweza kuongeza ao kupunguza nguvu ya mwingine. Mema ni yale yanayoongeza uzima, mabaya ni yale yanayoupunguza.

Kiisha, katika sura juu ya maadili, anapanga katika mistari mitatu wale wanaoharibu uzima wa wenzao. Wa kwanza ni mutu mubaya kabisa, mulozi, anayetaka kuangamiza kwa ajili ya chuki na wivu. Wa pili ni mutu aliyechokozwa: hasira inamupanda, na moyo wake unatoa ubaya ambao siku zingine hana. Wa tatu ni yule anayemupunguzia mwenzake uzima naye hana habari. Hakutaka, hakuchukia, hakujua; lakini muganga ao wazee wanasema kwamba ubaya umetoka kwake. Na Padri Tempels ameona kwamba mutu huyu wa tatu mara nyingi hapingi. Anakubali hukumu, kwa sababu anaamini kwamba wengine wanaweza kuona ndani yake mambo asiyoyaona mwenyewe.

Tunasema wazi kwamba maelezo haya ni ya mutu aliyekaa na watu na kuwasikiliza, katika wakati ambapo Wazungu wengi walifikiri kwamba Mwafrika hana mafikiri yaliyopangwa. Lakini tusisahau kwamba miaka zaidi ya makumi tatu mbele yake, Stefano Kaoze, alipokuwa bado museminari, alikwisha kuandika juu ya roho na akili ya Wabantu katika La Revue Congolaise, mwaka 1910 na 1911. Yeye ndiye aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu. Mwana wa inchi alitangulia kusema.

II. Yale yaliyo kweli ndani yake

Mbele ya kukosoa, tutoe heshima inayostahili. Kuna kweli mbili katika mistari ile mitatu.

Kweli ya kwanza: ubaya unaanza moyoni mbele ya kufika mukononi. Mutu wa kwanza na wa pili wa Padri Tempels wanajulikana vizuri katika Injili. Bwana wetu Yezu Kristu, akihubiri mulimani, alipeleka sheria ya kutoua hata ndani ya hasira ya mutu kwa ndugu yake. Wazee wetu wakisema kwamba chuki iliyofichwa inaharibu nyumba nzima, hawako mbali na fundisho hilo.

Kweli ya pili: hasara inaomba kutengenezwa hata kama hakuna aliyeitaka. Muwindaji akipiga munyama, naye kwa bahati mbaya akamupata mwenzake nyuma ya majani, jamaa yake itakwenda kwa jamaa ya marehemu. Italeta mbuzi, italia pamoja nao, italipa. Lakini wazee wenye akili hawamwite muwindaji yule muuaji. Wanajua kwamba kulipa hasara ni jambo moja, kuwa na hatia ni jambo lingine. Torati vilevile ilijua: kwa ajili ya mutu ambaye shoka lake liliruka toka katika mupini likamuua jirani yake, Mungu aliamuru miji ya kukimbilia, ili hasira ya ndugu wa marehemu isimupate. Na kitabu cha sheria za azabu cha Kongo yetu kinatofautisha mwenye kuua kwa nia ya kuua, mwenye kupiga kwa nia hata mupigwa akafa pasipo nia ya kumuua, na mwenye kuua kwa kukosa uangalifu tu. Azabu zao hazilingani.

Basi tofauti hii si kitu kilicholetwa na merikebu kutoka Ulaya. Iko kwetu. Na hapa ndipo kosa la kitabu linaanza kuonekana. Padri Tempels alitia mutu wa tatu katika sura moja na wale wawili, kana kwamba wote watatu ni ndugu, chini ya jina moja la maadili. Lakini wa tatu hana kitu pamoja nao. Wale wawili walitaka, huyu hakutaka. Ni kama kutia katika kikapu kimoja mwizi, mutu aliyenyanganya kwa hasira, na mutu ambaye mali ya mwenzake imeingia katika muzigo wake pasipo yeye kuona. Kikapu ni kimoja, lakini vitu si vya namna moja.

III. «Kama ni mimi, sikujua»

Mutu atatujibu: si Padri Tempels aliyewaweka pamoja, ni Wabantu wenyewe, na ushuhuda ni huu, kwamba musitakiwa anakubali. Jibu hili lina nguvu. Tulilipokea sisi vilevile muda murefu, hata siku moja tulipojifunza kwa haya yetu wenyewe.

Katika kijiji kimoja mbali kidogo na stesheni ya Kibombo, watoto wawili wa nyumba moja walikufa kwa homa katika musimu mumoja wa mvua. Watu wakasema: ni koko yao. Hakuna aliyesema kwamba anawachukia. Wote walijua kwamba yeye ndiye aliyewapikia, na usiku walilala kwenye mukeka wake. «Anao ulozi ndani ya tumbo, walisema, naye hajui.» Wazee walipomwita, koko hakubisha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kama ni yeye, hakujua; na kama ni yeye, anaomba wajukuu waliobaki wapone. Wazee wakatosheka, wakamwacha arudi kwake.

Sisi tulipofika, tulishukuru kwamba hakupigwa. Na kwa kutafuta amani tulimushauri, mbele ya watu, aje kuungama, ili wote waone kwamba mambo yamekwisha. Alitutazama, akauliza: «Padri, nikipiga magoti, nitasema nini?» Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu kwamba Mungu anajua yote. Watu waliosimama pale hawakusikia maneno hayo kama sisi tulivyoyasema. Siku chache nyuma yake katekista alitupasha habari kwamba katika kijiji wanasema: «Hata Padri ameona.» Toka pale hakuna mutoto aliyetumwa tena kula kwa koko. Alipika peke yake, akala peke yake.

Tuliporudi mara ya pili, tulikaa naye karibu na moto, pasipo wazee. Tulimwomba atusamehe. Kiisha tukamuuliza sababu gani alikubali. Alisema kwamba mume wake alikwisha kufa, kaka zake walikwisha kufa, na kijiji kingine hana. Akaongeza kwamba mikono yake haikuua mutoto, na moyo wake haukuua mutoto, na hilo analijua kama anavyojua jina lake.

Basi huyu ndiye yule anayesemwa kwamba «anakubali». Katika barza alikubali, karibu na moto alikataa. Tumwamini wapi? Kitabu kimeandika neno la barza, kikaliita filozofia ya Wabantu. Sisi tunasema kwamba mutu akiongea mbele ya wale wanaoweza kumufukuza, maneno yake yanatuonyesha woga wake na hamu yake ya amani, mbele ya kutuonyesha mafikiri yake. Hatusemi kwamba hakuna hata mumoja anayekubali kwa kusadiki kweli. Wako, na hao ni wa kuhurumiwa zaidi. Lakini kukubali kwa mutu asiye na pa kwenda si ushuhuda wa kutosha wa kujenga juu yake fundisho zima la maadili.

IV. Tuwasikilize Wazande

Ili tusionekane kusema kwa huzuni yetu tu, tufungue kitabu kingine. Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alitoa kitabu chake juu ya ulozi, bao na dawa kati ya Wazande. Aliwasoma upande wa Sudani, lakini Wazande ni watu wa Kongo vilevile, katika inchi ya Uele.

Anaeleza kwamba kwa Wazande ulozi ni kitu kilicho ndani ya mwili, mwana anaurizi kwa baba na binti kwa mama. Mugonjwa akitaka kujua nani anamuumiza, kuku wanapewa sumu ya bao. Kuku akikufa kwa jina fulani, bawa lake linapelekwa kwa mwenye jina lile. Naye hakasiriki. Anatia maji kinywani, anayapuliza juu ya bawa, na kusema kwamba kama ana ulozi tumboni, yeye hana habari yake, na anaomba upoe. Musomaji ameona: ni neno lile lile la koko wa Kibombo, ingawa toka Kibombo hata Uele ni safari ndefu na lugha ni ingine kabisa.

Lakini Evans-Pritchard aliona jambo moja ambalo Padri Tempels hakulisimamia. Wazande, wakisema juu ya walozi kwa jumla, wanasema kwamba wale wanajua wanachofanya. Wanakusanyika usiku, wanapanga, wanakula. Lakini kila mumoja, siku bawa linapoletwa mbele ya mulango wake, anajua kwamba hakupanga neno lolote. Hivi juu ya wengine wanasema: anajua. Juu ya nafsi yake kila mutu anasema: sikujua.

Hapo, kwa mafikiri yetu, ndipo penye siri ya jambo hili. Hakuna mutu anayejihukumu kwa kipimo cha kutojua. Kipimo kile tunawawekea wengine. Watu husema moyo wa mwenzako ni pori la giza; na kweli, kwa kuwa hatuoni ndani yake, tunathubutu kutia mule chochote tunachotaka. Kumwambia mutu «umetenda, nawe hujui» ni kumunyanganya mulango wa mwisho wa kujitetea. Aliyesemwa kwamba anajua aweza kukana. Aliyesemwa kwamba hajui atakana nini? Kukana kwake kunakuwa ushuhuda mupya juu yake.

V. Mafundisho ya walimu wetu

Mutakatifu Toma wa Akwino anatofautisha tendo la utu, actus humanus, na tendo lililo katika mutu tu, actus hominis. Mutu anayejikuna ndevu huku akiwaza mambo mengine ametenda kitu, lakini hakutenda kama mutu, kwa akili na utashi. Zambi na wema ni vya tendo la utu. Basi ubaya uliotoka kwangu nami sikuujua wala sikuutaka wala sikuweza kuujua, si zambi yangu, hata kama ungekuwa mukubwa kama mulima. Na ule ulozi wa tumboni, ambao hakuna aliyeuona, si hata ubaya uliotoka kwangu. Ni ubaya uliowekwa juu yangu na kinywa cha mwingine.

Lakini hapa waseminari wengi wanafunga kitabu mbele ya wakati. Wanasema: «Basi, pasipo nia mbele ya macho hakuna tendo jema wala baya.» Si hivyo. Mutakatifu Toma anatoa mufano wa msafiri: mutu anayetembea kwenda mahali fulani hawazi mwisho wa safari katika kila hatua, na hata hivyo kila hatua ni ya safari ile. Nia aliyoweka asubuhi inaendelea kusukuma miguu yake muchana, ingawa kichwa kinawaza mupunga, mvua ao deni. Ndiyo ile walimu wanayoiita nia ya nguvu, na kwa sababu yake Misa ya padri aliyechoka na kutawanyika mawazo ni Misa ya kweli.

Vilevile katika mema. Mama anayeamka usiku kumufunika mutoto hasemi moyoni: «Sasa natenda tendo la mapendo.» Anafunika tu. Je, tendo lake halina samani mbele ya Mungu? Katika mufano wa hukumu ya mwisho, kwa Matayo Mutakatifu, wale wa kuume wanashangaa. Wanauliza ni siku gani walimulisha Bwana ao kumuvika. Hawakujua kwamba ni yeye. Lakini walijua kwamba ni mutu mwenye njaa, na walitaka ashibe. Hiyo ilitosha. Tuangalie vizuri: hawakusifiwa kwa jambo wasilolijua wala kulitaka hata kidogo. Walisifiwa kwa jambo walilolitaka, ambalo ukubwa wake wote hawakuuona. Na wale wa kushoto nao wanasema hawakumwona. Neno ni lile lile, «hatukujua», na hukumu ni kinyume. Sababu gani? Kwa sababu njaa waliiona, wakapita.

Basi kutojua si kwa namna moja. Mutakatifu Toma anapanga namna tatu, na mifano yake miwili ni ya uwindaji, kana kwamba aliishi pamoja na watu wa pori. Muwindaji wa kwanza aliangalia vizuri, akapiga mushale, na mutu aliyepita njiani akapatwa: kutojua huko kunaondoa hatia. Wa pili anataka kumuua adui yake. Siku moja anapiga akifikiri ni swala, kumbe ni adui yule yule. Hakujua, lakini hahuzuniki. Tendo halikutoka katika utashi wake, wala halikuupinga. Namna ya tatu ni ya mutu asiyejua kwa sababu hakutaka kujua, ao kwa sababu alizarau kuuliza. Huyu hawezi kujificha nyuma ya neno «sikujua», kwa kuwa yeye mwenyewe alizima taa. Katekisimu ya Eklezya Katoliki ya mwaka 1992 inafuata njia hiyo: kutojua, kutoangalia, woga na mazoea vinaweza kupunguza hatia ao kuiondoa, lakini kutojua kwa mutu asiyejali kutafuta kweli ni kosa lake.

VI. Kindu, mwaka 1961

Maneno haya yanaweza kuonekana ya darasani. Lakini Maniema yetu imeyaona kwa damu.

Siku ya 11 ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1961, ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilishuka Kindu, zikileta vitu kwa askari wa Malaya waliokuwa pale kulinda amani. Waliozirusha walikuwa Waitalia 13. Wakati ule vita ya kujitenga kwa Katanga ilikuwa imewasha mioyo ya watu. Askari wa jeshi la Kongo waliokuwa Kindu wakafikiri kwamba Wazungu hawa ni watu wa Katanga, ao Wabeleji wa parashuti waliokuja kuwapiga. Wakawakamata, wakawaua wote 13. Miili yao ilirudishwa baadaye Italia, inalala Pisa.

Tangu siku ile tumesikia mara nyingi neno hili: «Hawakujua. Walifikiri ni adui.» Na ni kweli kwamba walikosea. Je, kosa hilo la akili linawatoa katika zambi?

Tupime kwa kipimo cha hapo juu. Kwanza, kutojua kwao kungeweza kushindwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa mujini, wakubwa walikuwapo, na kuuliza kulihitaji muda kidogo tu. Pili, na hili ni kubwa zaidi: kosa lilikuwa juu ya jina la watu, si juu ya tendo. Hakuna aliyefikiri kwamba anafanya kitu kingine kuliko kuua watu waliokwisha kukamatwa. Tuseme basi walikuwa kweli maadui: kuua mufungwa kungekuwa jambo jema? Hapana. Yule asiyejua kwamba nyuma ya majani kuna mutu amekosa kujua tendo lake lenyewe. Yule anayejua kwamba mbele yake kuna mutu aliyefungwa, lakini amekosea kabila lake, anajua yote yanayohitajiwa ili mukono wake uzuiliwe.

Hatusemi hivi ili kuwahukumu marehemu ao wazee walio hai. Kiasi gani cha woga, cha pombe, cha maneno ya uchochezi kilifunika akili ya kila mumoja, Mungu peke yake ndiye anayepima. Tunasema hivi kwa sababu neno «hatukujua» linatumiwa kwetu kwa namna mbili zilizopinduka. Koko asiye na kosa, kutojua kwake hakumusaidii kitu. Anahukumiwa hata hivyo. Wenye nguvu na silaha, kutojua kwao kunawasafisha mara moja. Inafaa kugeuza: kutojua kumulinde koko, na kusiwafunike wenye kushika bunduki.

VII. Tufanye nini?

Kitabu cha Padri Tempels kinabaki kitabu cha kusomwa. Lakini anayekisoma kwa kazi ya uchungaji asichukue mustari wa tatu kama fundisho la wazee lisiloguswa. Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza: tusimwite kamwe kwenye Kitubio mutu anayesemwa kuroga pasipo kujua, ili «kutuliza watu». Sakramenti si maji ya kupuliza juu ya bawa la kuku. Tukitaka kutuliza, twende kukaa na kula nyumbani kwake mbele ya macho ya kijiji. Chakula hicho kitahubiri kuliko maneno.

La pili: tuwalinde watoto. Katika miji yetu mikubwa wanasemwa kwamba walipewa ulozi ndani ya mukate ao karanga, pasipo kujua; na wengi wametupwa barabarani kwa neno hilo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inaazibu wanaomusingizia mutoto ulozi. Sheria inajua yale ambayo baba na mama wengine, na hata wahubiri, wamesahau: kwamba mutoto asiyetaka na asiyejua hana kosa.

La tatu: katika mafundisho yetu tusiseme tu «pasipo nia hakuna zambi», tukaishia hapo. Wakristu wamekwisha kugeuza neno hili kuwa kibanda cha kujifichia. Kapita aliyepima muchele kwa kipimo kibovu anasema hakukusudia. Mume asiyeuliza watoto wake wamekula nini anasema hakujua. Tuwaulize: «Ulitaka kujua?» Ulizo hilo linafungua zamiri kuliko mengine yote, nasi mapadri tujiulize la kwanza. Siku ile katika kijiji cha Kibombo hatukuwa na nia mbaya. Tulitaka amani. Lakini hatukumuuliza koko neno hata moja mbele ya kumushauri. Tuliwauliza wazee tu. Nia yetu ilikuwa njema, na kutojua kwetu hakukuwa kwa muwindaji wa kwanza.

Koko yule amekwisha kufariki. Tulimuzika sisi wenyewe, na wajukuu wake waliobaki, ambao leo ni watu wazima, walikuja kubeba jeneza. Mumoja wao alituuliza njiani kama koko alikufa akijua kwamba wanamupenda. Tulimujibu kwamba alikufa akijua kwamba yeye aliwapenda wao, na kwamba hilo hakuna barza iliyoweza kumunyanganya.